Unauza Bampa, Mteja Anasubiri Gari: Somo la Biashara Kutoka kwa Watengeneza Vigari vya Resini



Tuanze na meseji ambayo hakuna muuzaji anayependa kuamka nayo asubuhi: "Dada, mzigo nimeupata. Mbona ni vipande tu? Gari liko wapi?"

Mteja aliona picha ya kigari cha michezo, madigadi yamepanuka, bampa la mbele limeshuka chini, rangi inang'aa. Akalipa, akasubiri. Kifurushi kimefika, anafungua, anakuta vipande saba vya rangi ya maziwa. Hakuna matairi wala vioo, injini ndo usiseme. Na muuzaji hakumwibia. Alichokuwa anauza ndo hicho hicho: seti ya resini ya kugeuzia gari la mfano. Kosa lake ni kwamba hakusema, kwa maneno ambayo mtu yeyote anaelewa, kuwa gari lenyewe halimo ndani.

Biashara hii ya seti za kugeuzia ipo duniani kwa miaka mingi sasa. Ni ya watu wachache wenye karakana ndogo, wengine wanafanyia chumbani kwao. Mtaji wake si wa kutisha, lakini inaua haraka mtu asiyejua hesabu na asiyejua kuandika tangazo. Ndiyo maana leo tunaichambua. Hata kama wewe unauza kava za simu au vipuri vya blenda, baki hapa. Somo ni lako pia.

SETI YA KUGEUZIA NI KITU GANI?

Kwanza kuna gari la mfano la plastiki. Kampuni kama Tamiya na Hasegawa, zote za mkoa wa Shizuoka huko Japan, zinauza boksi lenye vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi anavikata, anavigundisha na kuvipaka rangi mwenyewe. Kipimo kinachopendwa sana kwa magari ni 1/24, yani kila sentimita 24 za gari halisi zinakuwa sentimita 1. Gari la michezo la mita 4.1 linakuwa kigari cha sentimita 17 hivi.

Sasa kuna mnunuzi ambaye hataki gari kama lilivyo kwenye boksi. Anataka lile lililoshinda mbio fulani, mwaka fulani, lenye taa fulani. Au anataka lile la mtaani lililopanuliwa madigadi. Huyo ndiye mteja wa resini. Anachukua boksi la plastiki alilonalo, anaongeza vipande vya resini, na anapata gari ambalo kampuni kubwa haikulitoa.

Kwa hiyo muuzaji wa resini hauzi gari. Anauza tofauti kati ya gari ulilonalo na gari unalolitaka.

KWA NINI KAMPUNI KUBWA ZINAMWACHIA NAFASI?

Jibu ni moldi. Kampuni kubwa inatumia moldi za chuma, na plastiki iliyoyeyuka inasukumwa humo kwa mashine. Moldi ya chuma ni ghali mno, ila ikishakamilika inatoa vipande maelfu kwa maelfu. Na kabla ya kuichonga kuna kazi ya kulichunguza gari lenyewe. Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kampuni ya Tamiya kwa miaka mingi, alinunua Porsche 911 halisi ikafunguliwa vipande ili wajue kila kitu kimekaaje, walipokuwa wanaandaa Porsche 934 ya kipimo cha 1/12 iliyotoka 1976. Mwenye kutumia pesa hivyo lazima auze maboksi mengi sana. Gari la kupendwa na watu mia mbili tu halimlipi.

Mtu wa resini anatumia moldi ya silikoni. Anaimwaga mwenyewe mezani. Ni nafuu, lakini inachoka: inatoa vipande makumi, haifiki maelfu. Basi lile gari la watu mia mbili, ambalo kwa mkubwa ni hasara, kwake ni riziki.

Hapo kuna onyo. Nafasi ya mdogo inadumu mpaka mkubwa aitake. Chukua mfano wa karibu na nyumbani: Datsun 240Z. Gari hili lilishinda Safari Rally mara mbili, 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alifikisha ushindi wa Safari mara tano. Duniani kote kuna wapenzi wa vigari wanaoitaka 240Z ya Safari: mabomba ya kinga mbele, taa za ziada, namba mlangoni. Wazo zuri la seti ya resini, sivyo? Ila Hasegawa tayari wametoa 240Z ya 1/24 kwa sura ya mshindi wa 1971, boksi zima. Ukikaa miezi mitatu unachonga seti ya kuigeuza 240Z ya kawaida kuwa ile ile, unashindana na mwenye moldi ya chuma. Hutaweza.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata gramu moja ya silikoni, tafuta kwanza. Kama boksi zima lipo, shuka chini: labda soko liko kwenye kipande kimoja ambacho boksi hilo halikukifanya vizuri, kama rimu au viti. Mdogo anaishi pale ambapo mkubwa ameona hapamlipi.

KINATENGENEZWAJE?

Hatua ni tatu, na kila moja ina mahali pa kumwaga pesa.

Ya kwanza ni kipande mama. Hiki unakichonga kwa vipande vya plastiki na puti, au siku hizi unakichora kwenye kompyuta na kukichapa kwa printa ya 3D. Usafi wake ndio usafi wa vyote vitakavyofuata. Silikoni haina adabu: inanakili kila kitu, mpaka alama ya msasa na alama ya kidole chako. Mkwaruzo mmoja kwenye mama utauona kwa watoto wote.

Ya pili ni moldi. Zipo silikoni za aina mbili kubwa, zinazogandishwa kwa bati na zinazogandishwa kwa platinamu. Ya platinamu hudumu zaidi lakini inasusa: ikigusana na salfa, au na kipande kilichochapwa kwa resini ya printa ambacho hakijakauka sawasawa, inabaki ya kunata na haigandi. Umeshapoteza kopo. Jaribu kwanza kwenye kona ndogo.

Ya tatu ni kumwaga resini. Wengi wenu mnaotengeneza vishikio vya funguo na sahani za urembo mnatumia epoksi, ile ya kung'aa kama kioo, inayochukua saa nyingi kuganda. Watu wa vigari wanapenda poliurethani. Ina sehemu A na B, ukichanganya una dakika chache tu kabla haijaanza kuganda, na baada ya nusu saa au pungufu unaweza kutoa kipande. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kumwaga seti kadhaa kwa siku.

Lakini poliurethani haipatani na unyevu. Sehemu moja ya mchanganyiko inanyonya unyevu wa hewani, na matokeo yake ni mapovu, kipande kinatoka kama maandazi. Kwa wenzetu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, hilo si jambo la kupuuza. Nunua makopo madogo, funga kifuniko mara tu unapomaliza kumimina, usiache kopo wazi huku unajibu meseji za wateja.

Na afya, jamani. Kemikali hii kabla haijaganda inaweza kukuletea mzio wa ngozi na wa kifua ambao hauondoki. Vaa glavu, fungua madirisha, usifanyie jikoni wala karibu na watoto. Ukipiga msasa kipande kilichokauka, tumia msasa wa maji ili vumbi lisipae, na vaa barakoa. Kifua chako ndo mtaji wa kwanza.

MTEJA ATAKITUMIAJE?

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoanguka, kwa sababu hawajawahi kukaa upande wa mteja. Usiuze kitu ambacho hujakifunga mwenyewe walau mara moja. Ukikifunga utagundua haya:

Gundi ya plastiki haishiki resini. Gundi ile inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, na resini haiyeyuki hivyo. Mteja anahitaji supa gluu au gundi ya epoksi ya kuchanganya. Usipomwambia, ataganda na bampa linalodondoka kila siku, na lawama ni zako.

Kipande kinatoka na mafuta ya moldi. Kisipooshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Na kabla ya rangi kinahitaji praima.

Kipande chembamba kinaweza kupinda njiani. Hicho hakijaharibika. Kinatumbukizwa kwenye maji ya moto, kinanyooshwa taratibu, kisha kinapoozwa kwenye maji ya baridi. Mteja anayejua hili anashughulika na bakuli la maji. Asiyejua anakuja inboksi kudai hela yake.

Kuna kukata. Ili madigadi mapana yakae, bodi ya plastiki lazima ikatwe kwa msumeno mdogo, na kukata hakurudishwi nyuma. Fundi mzuri anakata ndani kidogo ya sehemu ya kuondolewa, halafu anamalizia kwa msasa mpaka kipande kikae. Na kabla ya tone la gundi, anajaribisha kila kitu kikavu: bodi juu ya chasisi, matairi chini ya madigadi. Tairi likigusa, heri ujue sasa kuliko baada ya rangi.

Hayo yote yanaingia kwenye karatasi moja, mistari kumi tu. Karatasi hiyo ndiyo bidhaa ya bei nafuu kuliko zote kwenye boksi lako, na ndiyo itakayokupunguzia meseji za usiku wa manane.

HESABU INAYOUMA

Chukua kalamu. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

Tuseme silikoni ya moldi za seti moja ni shilingi 90,000, na moldi hizo zinavumilia kumwagwa mara 30. Resini ya seti moja ni 4,000. Watu wengi wanaishia hapo: "Resini elfu 4, nikiuza elfu 15 nina faida ya elfu 11." Hapana boss wangu.

Katika mara 30, tuseme seti 5 zinatoka na mapovu. Umebaki na seti 25 za kuuza. Silikoni 90,000 jumlisha resini 120,000 ni 210,000. Gawanya kwa 25: kila seti imekula 8,400. Weka boksi, mfuko wa mapovu na karatasi ya maelekezo, 2,000: tumefika 10,400. Kipande mama kilikugharimu vifaa na siku zako, tuseme 150,000. Gawanya kwa 25 ni 6,000: sasa 16,400. Muda wako wa kumwaga, kukata mabaki na kukagua, tuseme 5,000 kwa seti: 21,400.

Aliyeuza kwa 15,000 amepoteza 6,400 kwa kila seti. Seti 25 zikiisha, amepoteza 160,000, huku watu wanampongeza kwamba mzigo wake unatembea. Akitaka kuendelea anahitaji moldi mpya, na hela ya moldi hana. Hivi ndivyo biashara ndogo zinavyokufa zikiwa na wateja.

Kumbuka: gawanya gharama kwa vipande vizuri ulivyotoa. Vile ulivyomwaga vikaharibika havilipi chochote.

TANGAZO LINALOZUIA UGOMVI

Turudi kwa yule mteja wa "gari liko wapi". Tangazo lililomponza lilikuwa hivi: "Porsche kali sana 1/24, widi bodi, mzigo mpya, bei inboksi." Picha ni ya gari lililomalizika.

Hili hapa la mtu mzima:

"Seti ya resini ya kupanua bodi, kipimo 1/24. Vipande 7: madigadi 4, bampa la mbele, bampa la nyuma, spoila. GARI HALIMO. Unahitaji boksi la plastiki (jina la kampuni na namba ya boksi ni hii hapa), pamoja na supa gluu, praima na rangi. Utakata bodi, kwa hiyo inafaa aliyewahi kufunga angalau kigari kimoja. Picha ya kwanza ni vitu utakavyopokea. Picha ya pili ni gari lililokamilika, kwa mfano tu. Bei ni hii."

Angalia mambo mawili. Namba ya boksi imetajwa, kwa sababu kampuni tofauti zinaweza kutoa gari lile lile kwa kipimo kile kile, na vipande bado visiingiliane. "Inafaa Porsche" haitoshi. Na picha ya kwanza ni ya vipande vibichi, vya rangi ya maziwa, visivyovutia. Utaogopa kuiweka. Iweke. Itafukuza watu kumi ambao wangekuja kudai hela, na itambakisha mmoja anayejua anachotaka. Huyo mmoja atarudi kununua tena.

USINAKILI CHA MWENZAKO

Kishawishi kikubwa ni kununua seti ya mwenzio, kuitia kwenye silikoni na kuuza nakala kwa nusu bei. Kwenye ulimwengu wa vigari watu wanaofanya hivyo wanajulikana na wanachukiwa, kwa sababu ni wizi wa kazi ya kipande mama. Na hata kibiashara haina akili: resini hunywea kidogo inapoganda, kwa hiyo nakala ya nakala inazidi kuwa ndogo, mistari inafifia, na haikai tena kwenye bodi. Wanunuzi wanaona.

Jihadhari pia na nembo. Jina la kampuni ya gari na alama za wadhamini ni mali za watu. Kusema "seti hii inaingia kwenye boksi fulani" ni kumweleza mteja kinachoendana. Kuchapa nembo yao kwenye boksi lako kana kwamba wamekuruhusu ni jambo lingine, na barua ya mwanasheria haina bei ya inboksi.

KUFUNGASHA

Resini ni ngumu lakini inakatika kama biskuti ikibanwa. Kila kipande chembamba kiwe na kifuko chake, vyote kwenye boksi gumu, hakuna kinachochezacheza ukitikisa. Piga picha kabla hujafunga. Hesabu vipande kwa sauti. Kipande kimoja kikisahaulika, seti nzima haina kazi kwa mteja, na kukituma peke yake kunaweza kukula faida yote.

SASA WEWE

Huenda hutamwaga resini maisha yako yote. Lakini angalia unachouza. Kioo cha simu kinaingia kwenye simu ambayo mteja tayari anayo. Jagi la blenda, mkanda wa saa, kava la siti ya gari, tona ya printa, vyote hivyo ni vipande vya kwenda kwenye kitu cha mtu mwingine. Nawe unauza bampa, ingawa hujawahi kuliita hivyo.

Basi leo kabla hujalala, fungua posti yako moja, ile inayoleta maswali mengi, na uongeze mistari mitatu: kinaingia kwenye nini hasa, ndani ya mzigo kuna nini, na ndani ya mzigo HAKUNA nini. Huo wa tatu ndio tunaoukwepa, kwa sababu tunaogopa kumfukuza mteja. Anayefukuzwa na ukweli kabla ya kulipa hana gharama. Anayeugundua baada ya kulipa atakula hela ya nauli, muda wako na jina lako.

Ukishaongeza hiyo mistari, rudi hapa utuambie kwenye maoni: ule mstari wa "hakuna nini" umeandikaje? Tujifunze pamoja. Na kama kuna mwenzako anayeuza kwa picha nzuri na maelezo nusu, mtumie hii kabla hajaamshwa na ile meseji.